Nguzo Nne na Bati: Banda la Gari na Kibali Chake, kutoka Bunju hadi Bagamoyo

Mwulize fundi wa kuchomelea wa Bunju kama banda la gari linahitaji kibali, atacheka. "Bosi, hili siyo jengo, ni kivuli tu," atakwambia, huku keshavuta tepu anapima urefu wa gari. Lipeleke swali hilohilo kwa ofisa mipango miji, atakujibu kwa uso mkavu kwamba kitu chenye nguzo zilizozamishwa kwenye zege na paa juu yake ni uendelezaji, na uendelezaji wowote ndani ya eneo la mipango miji unataka ruhusa. Kisheria ofisa ana haki. Ila ukipita mitaani Jumamosi, cheche zikiruka kila uchochoro, utaona kwamba wengi wamemsikiliza fundi.

Mabishano haya huendeshwa kana kwamba yanahusu banda lenyewe: ni jengo au si jengo, la kudumu au la muda, la bati au la neti. Mimi naona hapo ndipo wengi wanapotea. Kwenye ukanda huu wa kaskazini mwa Dar es Salaam, mahali banda linaposimama pana uzito kuliko umbo lake. Nguzo zilezile nne zitapita bila neno nyuma ya nyumba ya Mbweni, zitapigwa X ya kubomolewa zikiwa kando ya lami ya Mapinga, zitakuwa kosa la mazingira zikisogea ufukweni, na ndani ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo zitagusa sheria ambayo mwenye gari pengine hajawahi kuisikia.

Tuanze na sababu za mabanda kuongezeka. Mwaka 2002 Wizara ya Ardhi ilianza mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, na Bunju, Boko na Mbweni zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopimwa. Viwanja vile vilivuta watumishi na wafanyabiashara kwenda kaskazini, na bei ilipopanda, wasioimudu wakavuka mpaka wa mkoa: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo. Anayelala Kerege na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, anahitaji gari au uvumilivu wa hali ya juu. Gari lenyewe mara nyingi ni la mtumba kutoka Japani, limenunuliwa kwa mkopo, na likiegeshwa nje pwani hii linaliwa kutoka pande mbili. Jua la kaskazi hupausha rangi na kupasua dashibodi. Hewa ya chumvi hushughulika na chuma chini kwa chini, na mwenye gari hujua siku fundi anapolipandisha juu. Kwa hiyo banda si anasa. Ni ulinzi wa mali ambayo kwa familia nyingi inafuatia nyumba kwa thamani.

Sheria nayo imekaaje? Mzizi wake wa karibu ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya ile ya kikoloni ya 1956. Tafsiri yake ya uendelezaji ni pana, kwa jadi ya sheria za Kiingereza: kazi yoyote ya ujenzi au ya kihandisi juu ya ardhi, chini yake au ndani yake, pamoja na kubadilisha kwa kiasi kikubwa matumizi ya ardhi au ya jengo. Banda la gari halitajwi kwa jina, na wala halikuwa na haja ya kutajwa, kwa kuwa tafsiri hiyo inalimeza. Halafu kuna kanuni za udhibiti wa uendelezaji mijini zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 242 la mwaka 2008, ambazo msimamo wake ni mfupi: usianze kujenga kabla hujapewa kibali.

Wanaojenga nyumba wanaijua safari hiyo. Unapeleka hati au barua ya toleo, stakabadhi za pango la ardhi, na michoro inayoonyesha namba ya kiwanja, jina la mmiliki, jina la mchoraji na ujuzi wake, ukubwa wa jengo, sehemu ya kiwanja itakayofunikwa, umbali kutoka kila mpaka, na mfumo wa maji taka. Michoro hupitia kwa watu wa mipango miji, wa ardhi, wa afya, wahandisi na zimamoto kabla ya kuidhinishwa. Siku hizi maombi hupokelewa kupitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, jambo lililopunguza kubeba mafaili lakini halikupunguza mahitaji yenyewe. Baada ya kibali, mkaguzi anapaswa kuitwa kwa hatua: msingi ukishachimbwa, kabla zege halijamwagwa, kabla jamvi halijafunikwa, kabla mabomba ya maji machafu hayajafukiwa, na mwisho kabla watu hawajahamia.

Katika orodha hiyo ya yanayotakiwa kuonekana kwenye mchoro kuna kipengele kimoja ambacho wenye nyumba hukiruka: idadi ya maegesho. Mchoraji anaulizwa tangu mwanzo magari yatakaa wapi. Maana yake, njia nyepesi kuliko zote ya kupata banda halali ni kulichora pamoja na nyumba, hata kama fedha za kulijenga zitapatikana baada ya nyumba. Kulichora siku ile hakuna gharama ya maana. Kulileta peke yake baadaye kunaamsha mlolongo uliotungwa kwa ajili ya nyumba nzima, na kazi ya mchoraji inaweza kumgharimu mwenye nyumba karibu sawa na bati zenyewe. Hapo ndipo fundi anaposhinda hoja. Watu hawaidharau sheria kwa sababu ni wakaidi. Wanaiona haina kipimo cha kazi ndogo.

Halmashauri nyingi zimejitengenezea njia ya katikati kwa kazi kama kukarabati paa au kujenga uzio: barua, mchoro wa mkono, ada ndogo kwa mujibu wa sheria ndogo zao, na ofisa anakuja kuangalia. Banda la gari mara nyingi hupitishwa humo. Ni busara ya ofisini, na mimi naiunga mkono, ila busara ya ofisini ina kasoro moja kubwa: ofisa akihamishwa, nayo huhama naye.

Nitoe wasiwasi mmoja unaotajwa sana barazani, kwamba ukijenga banda kodi ya majengo itapanda. Haipandi. Tangu Julai 2021 kodi hiyo hukatwa kupitia malipo ya umeme ya LUKU, na kwa nyumba ya kawaida ni kiwango kimoja, shilingi 1,500 kwa mwezi tangu mwaka 2023, banda liwepo au lisiwepo.

Suala gumu kuliko yote ni umbali kutoka mpakani. Viwanja vya makazi nchini hugawanywa kwa ujazo: mdogo, wa kati na mkubwa. Mgawanyo huu una historia isiyopendeza, kwa sababu wakoloni waliugawa mji kwa aina za nyumba na, kwa mlango huohuo, kwa rangi za watu, ndiyo tukarithi uzunguni, uhindini na uswahilini. Rangi ilifutwa kwenye sheria, lakini vipimo vya viwanja viliendelea kufuata nyayo zilezile. Kila daraja la ujazo lina nafasi yake ya kuacha mbele, ubavuni na nyuma, na nafasi hiyo haikuwekwa kwa urembo. Hewa inapita hapo. Gari la kunyonya maji taka linavuta mpira wake hapo. Moto ukiwaka upande mmoja, nafasi hiyo ndiyo inayoipa nyumba ya jirani dakika chache za kuokolewa.

Sasa weka gari. Katika kiwanja kikubwa cha ujazo mdogo kule Mbweni, banda la magari mawili lenye mita sita kwa sita linakaa popote bila kugusa nafasi ya mpakani. Katika kiwanja kidogo cha ujazo mkubwa, nyumba ikishasimama kwa vipimo vilivyoruhusiwa, ardhi inayobaki ni nafasi ya mpakani yenyewe. Hakuna nyingine. Gari lazima lilale hapo, na banda lazima lisimame hapo, likiegemea ukuta wa uzio kwa upande mmoja na ukuta wa nyumba kwa upande wa pili. Kanuni inaonekana ni moja kwa wote, lakini kwa mwenye kiwanja kikubwa haimzuii chochote, na kwa mwenye kiwanja kidogo inamzuia kabisa. Mwenye uwezo anapata kibali bila jasho; asiye na uwezo anapata notisi.

Hata hivyo sitamtetea mwenye kiwanja kidogo kwa kila jambo, kwa sababu jirani naye ana haki zake. Chunguza migogoro ya mabanda na utakuta maji ya mvua ndiyo yanayogombanisha watu. Paa la mteremko mmoja lililowekwa juu ya uzio humwaga maji ya masika moja kwa moja kwenye uwanja wa pili. Ardhi ya Bunju na Boko ina sehemu zenye udongo wa mfinyanzi zinazotuama maji kwa siku nyingi. Mvua kubwa moja inatosha kumlowesha jirani ukuta, kumjazia karo na kuvunja ujirani uliolelewa kwa futari na misiba ya pamoja. Dawa yake ni ndogo: elekeza mteremko ndani ya kiwanja chako, funga mfereji wa bati, peleka maji kwenye tanki. Pwani yenye mgao wa maji, mwenye banda anayeacha maji ya bati yaende kwa jirani anapoteza mara mbili.

Mgogoro ukishindikana kwa mjumbe na mwenyekiti wa mtaa, kuna mabaraza. Wengi bado hudhani baraza la kata litaamua kesi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 baraza la kata linapatanisha tu. Uamuzi uko kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Pale ndipo kibali kinapogeuka kuwa ushahidi. Mwenye mchoro uliogongwa muhuri, unaoonyesha umbali na mteremko, anaongea akiwa amekaa. Asiye nao anaanza kueleza kwamba fundi alisema.

Jambo jingine la chini ya ardhi: karo la maji taka. Katika viwanja vidogo karo huchimbwa mbele, karibu na geti, ili gari la kunyonya lilifikie. Miaka ikipita, linapigwa pavingi juu na kuwa egesho, kisha banda linafuata. Mfuniko wa karo uliotengenezwa kubeba watu haukutengenezwa kubeba gari la tani moja na nusu. Mkaguzi akija, hili ndilo la kumwonyesha kwanza, hata kama hakuuliza.

Ukitoka Bunju kuelekea kaskazini unavuka kutoka Manispaa ya Kinondoni na kuingia Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo, Mkoa wa Pwani. Barabara ni ileile, ila taratibu zinabadilika. Kanuni za 2008 ziliandikwa zikilenga mamlaka za miji, na sehemu kubwa ya ardhi ya Mapinga na Kerege iliuzwa ikiwa bado mashamba na ardhi ya vijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mauziano yalifanyika kwa hatua, ishirini kwa ishirini, mbele ya uongozi wa kijiji, kwa karatasi yenye muhuri na mashahidi. Karatasi ile inathibitisha kwamba fedha zilitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Haisemi barabara itapita wapi.

Tatizo hujitokeza upimaji unapofuata. Mpango wa urasimishaji wa makazi uliotekelezwa nchini kuanzia 2013 kwa miaka kumi ulikuta nyumba zimeshajengwa, ukajaribu kuchonga njia katikati yake. Njia ikikosa mita mbili, inazitafuta kwenye kitu chepesi kubomolewa, na mara nyingi hicho ni banda la gari lililosimama mbele. Mwenye nyumba analalamika kwamba amenyang'anywa. Mpimaji anasema amechukua nafasi ambayo ingeachwa tangu mwanzo. Kwenye mitaa isiyopimwa bado, ushauri wangu ni kuweka banda ubavuni au nyuma, na kama hapana budi kuliweka mbele, nguzo zifungwe kwa bolti juu ya vitako vya zege badala ya kuzamishwa. Kisheria hilo halibadilishi neno. Siku ya kusogeza linaokoa kila kitu.

Je, kijijini kunahitajika kibali? Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji, kwa hiyo hoja kwamba kijijini hakuna wa kuuliza si ya kweli. Kivitendo, ofisi ya mtendaji wa kijiji itakupa barua, na eneo likishatangazwa kuwa la mipango miji, kama ilivyotokea kwa sehemu nyingi zinazofuata barabara hii, mambo yanahamia wilayani. Anayejenga katika kipindi hicho cha mpito anabaki na barua ya ofisi iliyokuwa na mamlaka jana. Aihifadhi. Inaonyesha nia njema, na nia njema ina uzito mbele ya mkuu wa idara hata kama haina uzito kamili mbele ya sheria.

Kwenye hifadhi ya barabara hakuna mjadala. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, pamoja na kanuni zake za 2009, iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara badala ya 22.5. Waliokuwa wamejenga kihalali kati ya mita 22.5 na 30 kabla ya mabadiliko hayo wana madai ya fidia. Waliojenga ndani ya eneo la zamani, au waliofuata baadaye, hawana. Ndiyo maana wakala wa barabara, TANROADS, hupaka X za rangi mbili, ya kijani kwa wanaostahili kulipwa na nyekundu kwa wasiostahili, na watu wa Barabara ya Bagamoyo wanazisoma rangi hizo kutoka mbali kuliko taa za usalama.

Banda lililojengwa leo ndani ya mita hizo litapata nyekundu hata kama nyumba iliyo nyuma yake ina kijani. Hili huwashangaza watu: nyumba moja, mwenye mmoja, rangi mbili. Mantiki yake ni ya tarehe. Nyumba ilitangulia sheria, banda limeifuata. Na barabara hii haijamaliza kupanuka. Ilijengwa upya kati ya Mwenge na Tegeta, ikafunguliwa kwa lami kutoka Bagamoyo hadi Msata, na awamu ya nne ya mabasi yaendayo haraka imeelekezwa huku hadi Tegeta. Mwenye akili hapimi banda lake kwa barabara anayoiona.

Kando ya barabara hiyohiyo kuna tabia nyingine ambayo maofisa wanaijua vizuri. Banda linajengwa kwa ajili ya gari. Baada ya mwaka linapata ukuta wa nyuma, kisha wa pembeni, kisha shata la chuma linaloelekea barabarani, na gari linalala nje huku ndani kuna friji ya soda na mashine ya kutoa fotokopi. Bila kelele banda limekuwa fremu ya duka. Hapo kosa si la ujenzi pekee: hati ya kiwanja imeandikwa makazi, na kubadilisha matumizi kuna mlolongo wake, pamoja na tangazo la gazetini ili wenye pingamizi wajitokeze. Maofisa wanapolitazama banda jipya la mbele kwa jicho la shaka, mara nyingi wanaliona fremu ya mwaka kesho. Siwalaumu.

Ukifika Zinga na Mlingotini unaingia kwenye ardhi yenye masharti ya aina yake. Serikali ilitenga maeneo haya kwa ajili ya ukanda maalumu wa kiuchumi na bandari. Mkataba wa awali wa bandari ulisainiwa mwaka 2013 na kampuni ya China Merchants, Oman ikaingia kama mshirika, Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi Oktoba 2015, na mwaka 2019 Rais Magufuli akausimamisha akisema masharti yake hayakubaliki. Kwa mwenye nyumba ndani ya eneo lililofanyiwa tathmini, miaka hiyo yote ilikuwa na amri moja isiyobadilika: usiongeze kitu. Kilichojengwa baada ya tathmini hakiingii kwenye fidia. Banda la shilingi milioni mbili linakuwa zawadi kwa mradi ujao, wowote utakaokuja. Katika mazingira kama haya hata mimi ningenunua turubai.

Upande wa bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Wenye nyumba za mapumziko za Mbweni hadi Kaole huisoma kwa matumaini kwenye neno "kudumu", wakisema banda la makuti kwa miti halidumu. Kifungu hakiishii hapo. Kinagusa pia shughuli ambazo kwa asili yake zinaweza kuudhuru ufukwe. Kukata mimea inayoshika mchanga ili gari lipite na kumwaga kifusi kwa ajili ya egesho kunaingia humo moja kwa moja, hata kama paa ni la makuti. Wenye kudhani bahari haisogei wakaulize Kunduchi, ambako hoteli ya Africana ilimezwa na mmomonyoko.

Na kama banda litakuwa la miti, miti ipi? Mikoko ni imara na mchwa hawaipendi, ndiyo maana boriti zake zilijenga nyumba za pwani hii na kusafirishwa hadi Uarabuni. Lakini mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu tangu mwaka 1928, na kuikata bila leseni ni kosa linalojitegemea, kibali cha ujenzi kiwepo au kisiwepo. Mirunda ya mivinje inatosha kabisa, na haina kesi.

Mji Mkongwe wa Bagamoyo unahitaji tuketi kidogo. Ulijengwa kwa ajili ya miguu ya wapagazi na kwato za punda. Misafara ya kutoka bara iliishia hapa, na nyumba zake zikapandishwa zikigusa njia, baraza mbele, ua nyuma. Hakuna aliyeacha nafasi ya gari kwa sababu hakukuwa na gari. Mji ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1983 chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, sheria ambayo pia inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Tangu 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, ambayo Bagamoyo ndiyo mdomo wake, imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Kwa hiyo ndani ya mpaka huo halmashauri haitoshi. Idara ya Mambo ya Kale nayo lazima iridhie, na inachotazama si sawa na anachotazama mhandisi. Inauliza banda litaonekana kutoka njiani au la, nguzo zitachimba kiasi gani kwenye udongo wenye vigae vya karne nyingi, bati la bluu litakaa vipi mkabala na mlango wa nakshi. Wenyeji wengi wanaona hayo kama maringo. Mzee mwenye nyumba ya urithi, ukuta wa mawe ya matumbawe unaomtaka chokaa kila mwaka na watoto wanaotuma fedha kwa kusitasita, anazuiwa kuweka bati la mita tatu kwa sita, huku magofu ya jirani yakianguka bila mtu kuulizwa. Malalamiko yake ni ya haki. Hifadhi inayokataza bila kusaidia huishia kuwa na magofu mengi na wakazi wachache.

Lakini hapa nasimama upande wa Mambo ya Kale kwa jambo moja. Zanzibar ilianzisha mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, mji ukaingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na njia zake nyembamba zimeendelea kuwa za miguu kwa sehemu kubwa, gari likibaki pembezoni. Lamu, iliyoorodheshwa mwaka 2001, nayo njia zake ni za miguu. Suluhisho la miji hiyo halikuwa kila nyumba ipate banda lake. Lilikuwa kuliacha gari nje ya kiini cha mji. Bagamoyo ina nafasi hiyo, na egesho moja lenye kivuli na mlinzi lingeondoa sababu ya mabanda hamsini.

Nje ya Afrika Mashariki kuna mafunzo mawili ninayoyapenda kwa ufupi wake. Afrika Kusini, katika kanuni zake za kitaifa za majengo, inaliweka banda la gari lililo wazi pembeni na lisilozidi mita za mraba 40 kwenye kundi la kazi ndogo: unamjulisha ofisa wa udhibiti wa ujenzi, anakuruhusu, bila mlolongo kamili wa michoro. Uingereza inalisamehe kwenye kanuni za ujenzi likiwa chini ya mita za mraba 30 na wazi pande mbili au zaidi. Hilo la kuachwa wazi lina akili: banda lenye pande wazi halikusanyi moshi wala mvuke wa petroli, na haliwezi kuwa fremu bila kwanza kuacha kuwa banda. Kwa vipimo vyetu, gari moja linataka karibu mita za mraba 18, mawili 36. Kiwango cha kati ya 30 na 40 kingewafikia karibu wote.

Tukiiga, tusiige nambari peke yake. Msamaha wa ukubwa bila sharti la mahali ungekuwa balaa kwenye ukanda huu, kwa kuwa ungeruhusu mabanda mia moja ndani ya hifadhi ya barabara na mengine ufukweni, yote yakiwa chini ya mita 40. Ninachokiona kinafaa ni fomu ya ukurasa mmoja ndani ya TAUSI: ukubwa, pande zilizo wazi, umbali kutoka mpaka, mteremko wa paa unaelekea wapi, karo liko wapi, na tamko kwamba eneo haliko kwenye hifadhi ya barabara, mita 60 za bahari, eneo la Mji Mkongwe wala ardhi iliyotathminiwa. Anayejaza "haliko" kwa uongo anabeba mzigo wake. Anayejaza kwa kweli asisubiri kikao cha kamati. Na kwa viwanja vidogo, jirani wa upande husika atie saini ya kuridhia banda liguse mpaka. Wengi wataridhia, hasa wakijua kesho wataihitaji saini hiyo wao.

Limebaki jambo ambalo hakuna karatasi inayolishughulikia vya kutosha. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu na kutua Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetoa tahadhari kwa mikoa ya pwani, Pwani na Dar es Salaam zikiwemo. Paa la banda lililo wazi pande zote hushikwa na upepo kutoka chini, nao unalisukuma juu. Uzito wa bati haulisaidii, kwa sababu bati la geji 30 ni jepesi kama karatasi mbele ya upepo wa namna ile. Kinacholishikilia ni zege lililo chini ya nguzo na bolti zilizo juu yake. Mafundi wengi huchimba shimo la futi moja, kwa kuwa mteja anahesabu mifuko ya saruji. Shimo likishafukiwa hakuna wa kujua. Kanuni za sasa zinamtaka mkaguzi aje kabla zege halijamwagwa, na kwa banda la gari hiyo ndiyo ziara pekee yenye maana: dakika kumi, mashimo manne, rula. Halmashauri ikiniambia itafuta kila hitaji lingine la banda dogo na kubakiza hilo moja, nitalipa ada bila kunung'unika.